Midomo ya Mkurugenzi

...na kusema kweli ndiyo ni neno jepesi, linatoka lenyewe kama chafya, unafungua mdomo tu na kazi imekwisha, watu wanapeana mikono, picha inapigwa, mimi nasimama kushoto kabisa ili kitambi kikatwe na fremu, kesho tume yetu ya sheria mpya ya fedha inatajwa redioni na jirani yangu fundi bomba anagonga mlango kunipongeza, yule yule ambaye nimemngoja wiki tatu aje kutazama bomba... soma mama, soma, Mama Katibu anasoma, kanuni za tume zinasema kura zikilingana basi kifungu kisomwe tena chote kwa sauti kabla mjumbe wa mwisho hajasema lake, chote, na Mama Katibu ni mtu wa kanuni, anasoma kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe, neno, kituo, neno, kituo, "Kifungu cha kumi na nne... kutakuwa na Baraza la Kudumu... la Sera za Fedha..." na sisi wajumbe saba tumekaa mezani, kila mmoja na chupa yake ya maji na kipaza sauti chenye kitaa chekundu, sita wamekwisha kusema, watatu ndiyo, watatu hapana, na wa saba ni mimi, mchekeshaji, mtu aliyelipwa miaka thelathini kuanguka kutoka kwenye ngazi, mara moja siku za kazi na mara mbili Jumamosi, leo ndiye ninayeshikilia ngazi yenyewe na nchi nzima imepanda juu yake, Mungu naye ana utani, na mbele yangu wameweka kibao, Mwakilishi wa Wananchi wa Kawaida, walipotafuta mwananchi wa kawaida nchi nzima wakaniona mimi, mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, akasema wewe una kawaida gani, mtu anayelala na soksi moja, lakini mimi najua walivyofikiri, walifikiri tutie mtu anayependwa na watu, atatupa vichekesho wakati wa chai, na ukifika wakati wa kura ataangalia upepo unavumia wapi, na sijawaangusha, miezi minne nimewapa vichekesho wakati wa chai, hata Jaji mstaafu, mwenyekiti wetu, ambaye macho yake hufungwa saa nne kamili kama duka la mtu mchoyo, hata yeye nimemchekesha mara mbili akiwa usingizini... "lenye wajumbe tisa... saba kati yao wakiwa wakuu wa mabenki makubwa..." saba kati ya tisa, haya, kwa lugha ya nyumbani maana yake wenye mabenki watakaa wenyewe, na wageni wawili wa kupitisha sahani ya biskuti, waamue nani katika nchi hii aruhusiwe kutunza akiba ya mwenzake, nani akopeshe, kwa masharti gani, na chama chochote kidogo cha akiba kisichofikia kipimo chao ndani ya mwaka mmoja kiunganishwe na benki kubwa, kiunganishwe, neno zuri hilo, lina harufu ya harusi, ila katika harusi hii bibi harusi haulizwi kitu, anaamka asubuhi anakuta ameolewa na ghorofa.

Na mmoja wa mabibi harusi hao ni dada yangu... dada yangu mkubwa, fundi cherehani, mwenyekiti wa chama cha akiba cha mafundi cherehani, wanawake sitini na mmoja wanaokutana kila Alhamisi alasiri katika darasa la shule ya msingi, wamekalia madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu, na mkopo wao hautolewi kwa hati ya nyumba wala karatasi ya mshahara, hapana, unatolewa hivi, mwenye shida anasimama mbele ubaoni, wenzake watatu wanasimama nyuma yake, na mmoja mmoja wanasema, namjua, mishono yake imenyooka, akikwambia njoo Jumanne nguo utaikuta Jumanne, basi, imekwisha, na akikwama ni hao hao watatu watakaomwendea na cherehani zao, wamsaidie kumaliza nguo za wateja wake mpaka ainuke, sasa benki gani ina fomu ya kitu hicho, fomu ya benki ina kisanduku cha kiwanja, kisanduku cha gari, kisanduku cha mwajiri, haina kisanduku cha mishono iliyonyooka... mimi mwenyewe niliingia shule ya maigizo kwa mlango huo, dada alisimama ubaoni kwa ajili yangu, watatu wakamsimamia, mmoja akauliza, "Huyu mdogo wako anakwenda kusomea nini?" dada akasema, "Kuchekesha watu," darasa likamtazama kama mtu aliyeleta habari ya msiba, halafu mama mmoja kule nyuma akasema, "Basi mpeni upesi, maana kwa sasa hachekeshi," nikapewa, na yule mama mpaka leo ananidai kicheko... na kipimo cha Baraza hili, hata kabla hakijawekwa sote tunakijua, hakuna chama cha darasani kitakachokifikia, si cha dada, si cha mtu yeyote anayekutana kwenye madawati, nikisema ndiyo mwaka ujao sitini na mmoja hao wanapanga foleni kwenye vigae vinavyong'aa, mbele ya kijana mwenye tai anayewauliza mwajiri wenu ni nani.

Basi si iwe rahisi, hapana, kwisha, lete biskuti... ingekuwa rahisi kama yule pale angekuwa mtu mbaya, na si mtu mbaya, ndiyo balaa langu tangu asubuhi, yule pale ng'ambo, nje kidogo ya meza, kwenye kiti cha mshauri mwalikwa asiye na kura, Mkurugenzi Mkuu wa benki kubwa kuliko zote, mimi humwita Pasi, moyoni tu, kwa sababu shati lake halijui mkunjo hata kikao kiwe cha saa sita, mimi shati langu likikaa mwilini dakika kumi linafanana na ramani, milima, mabonde, na ziwa moja kwapani... nilimwona mara ya kwanza miaka ishirini iliyopita, siku ya foleni, uvumi ulikuwa umezagaa kwamba benki imefilisika, mtaa mzima umejaa watu, na mimi nimo katikati, akiba yote ya kikundi chetu cha maigizo imo humo ndani, watu wanasukumana, mlinzi amefunga geti, ndipo akatoka meneja wa tawi, kijana mwembamba, akaamuru geti lifunguliwe, akapanda juu ya kiti, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, hapa hafukuzwi mtu. Tutahudumia mpaka mtu wa mwisho. Wazee waje mbele, nawaletea viti," na akavileta, yeye mwenyewe, viwili viwili, na siku hiyo shati lake lilikunjamana, niliona kwa macho yangu, watu wakatulia, foleni ikayeyuka yenyewe, nusu ya watu wakarudi nyumbani bila kuchukua kitu, mimi nikiwa mmoja wao, na nikasema moyoni huyu ni mtu, nilisema, sikatai... halafu mlinganishe na yule waziri wetu wa zamani aliyesomea magonjwa ya kuku, alipopewa wizara ya fedha alitangaza jambo asubuhi, akalifuta mchana, jioni akasema tulimwelewa vibaya, mwezi mzima wenye maduka walikuwa wanaandika bei kwa chaki ili wafute upesi, kwa hiyo leo nilipokuwa nanyoa ndevu nikajiambia, bwana we, tusijifanye, mambo ya fedha apewe anayezijua fedha, na ndevu nazo zikakubali.

Dada akapiga simu nikiwa na povu upande mmoja. "Umeamua?" sijui kwa nini hasalimii siku za kazi. "Dada, yule jamaa kazi anaijua." "Nani kasema haijui? Mimi fundi namwita aje anitengenezee mlango. Simwachii aamue nani aingie ndani." "Dada, hii si mambo ya milango." "Wewe ulianza lini kujua kitu kisichokuwa mlango? Maisha yako yote unaingia mlangoni na kuanguka." Nikacheka, akanyamaza, na dada akinyamaza ujue ameketi. "Mdogo wangu, nikuombe kitu. Usinitetee mimi. Mimi nitashona tu, hata chama kife nitashona. Wewe sema unachokiona. Usiseme ulichoambiwa ukione." Nikamwambia sawa dada, nikamaliza ndevu, na nilichokiona kwenye kioo, niseme ukweli kwa kuwa hakuna anayesikia, nilichokiona ni mabati... kwa sababu jana kwenye korido Pasi alinishika bega, "Msanii wetu, nasikia paa la ukumbi wenu linavuja." "Kidogo tu, Mkurugenzi, waliokaa nyuma wanaoga bure." Akacheka, ana kicheko kizuri, cha mtu aliyelala vizuri, "Benki ina mfuko wa kusaidia sanaa. Acha kesho ipite, halafu tuzungumze," ni hayo tu, tuzungumze, si rushwa, hakuna mahakama itakayoiita rushwa, yeye alisema tuzungumze na mimi ndiye niliyepanda juu ya paa kichwani mwangu na misumari mdomoni, nikapiga bati la kwanza, la pili, la tatu, hakuna aliyenituma, mtu unajinunua mwenyewe kwa bei ya jumla halafu unajipelekea mzigo mpaka nyumbani... "Baraza litaweka... viwango vya chini vya mtaji..." na Profesa hapa kulia kwangu, mama wa uchumi, aliyesema hapana kwa sentensi yenye urefu wa barabara kuu, sasa hivi ameniinamia, amefunika kipaza sauti kwa kiganja, "Ndugu msanii, nakuomba, leo usifanye utani." Nikamwambia, "Profesa, leo sina hata mmoja." Akanitazama kama mtu aliyeambiwa na samaki kwamba hana kiu, hakuniamini, na mimi pia sikuwa najiamini, mdomoni nilikuwa nimeshika ile ndiyo yangu, imelainika kama peremende, tayari kuteleza.

Ndipo nikaona midomo... "kwa aina zote za taasisi... zinazopokea amana..." nilikuwa namtazama Pasi bila sababu, mtu akingoja zamu yake hutazama popote, na midomo yake ilikuwa inacheza, kidogo sana, kama mtu anayesali, "zinazopokea amana... kutoka kwa umma..." na midomo inasema kutoka kwa umma, si baada ya Mama Katibu, si kwa kumfuatisha, pamoja naye, mara nyingine nukta moja mbele yake, anamngoja kwenye kituo, anatikisa kichwa kidogo, wanaondoka pamoja tena, na mimi nikakaa wima, kwa sababu midomo ile naijua, nimeishi na midomo ile miaka kumi na miwili... kikundi chetu kilikuwa na mwandishi, tulimwita Karani, mwandishi hodari kuliko wote niliopata kufanya nao kazi, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu, mchezo ukianza anasimama pembeni nyuma ya pazia na kusema kila neno pamoja nasi, bila sauti, midomo tu, nikiwa jukwaani kwenye hotuba yangu namwona kule anahutubia na yeye, analia na yeye, anachekea kichekesho nusu sekunde kabla ya watazamaji, tulimfunga skafu mdomoni, tulimpa karanga atafune, wapi, mwandishi hawezi kunyamaza maneno yake yakipita mbele yake, ni kama mzazi anayemwona mtoto wake anavuka barabara, miguu yake inatembea yenyewe, na hakuna mwingine duniani afanyaye hivyo, mwigizaji hafanyi, mtazamaji hafanyi, mwandishi peke yake... lakini kifungu hiki kiliandikwa upya wizarani, ndivyo tulivyoambiwa, rasimu tumegawiwa leo asubuhi, kila mtu bahasha yake, na Pasi aliinua ya kwake juu tukaiona sote, akasema kwa adabu, "Waheshimiwa, mimi hata sijaifungua. Nimekuja kujibu maswali. Sheria wameandika vijana wa wizara, na waamuzi ni ninyi," na ile pale kwenye paja lake, naiona, gundi yake imeshika, muhuri wa wizara umelala juu ya mdomo wake mzima mzima.

Nikasema tulia, labda ana tabia ya kutafuna hewa, labda ni jino, usimpachike mtu jambo kwa sababu ya jino... Mama Katibu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa, akatafuta mstari kwa kidole, "viwango hivyo vitawekwa, kubadilishwa au kufutwa... kwa tangazo la Baraza lenyewe... na tangazo hilo litakuwa na nguvu ya sheria," na midomo ya Pasi ikakwama, ikaganda wazi, uso ukamkunjamana, siku ya pili maishani nimeona kitu kinakunjamana kwa mtu yule, uso wa mwandishi ambaye mwigizaji wake amekata mstari mzuri kuliko yote, nilitaka kumrushia karanga, kaa kimya Karani, nilimwambia moyoni, kaa kimya utajiumbua, na hakuweza, maskini, hakuweza, akainama mbele kwa upole wake wote, "Samahani, Mama Katibu. Umeruka. Bila kulazimika kurejea Bungeni, mkato, na tangazo hilo litakuwa na nguvu ya sheria." Mkato, ndugu zangu, hata mkato aliutaja... na Mama Katibu akasema, "Oo, ahsante, Mkurugenzi, miwani hii," na Jaji akafungua jicho moja akasema, "Ahsante, Mkurugenzi, irekebishwe," akalifunga, wale watatu wa ndiyo wakatikisa vichwa kumsifu kwa umakini, Profesa alikuwa anaandika kitu, na bahasha ilikuwa pale pale pajani, haijafunguliwa, na katika chumba chote chenye digrii kumi na saba, nilizihesabu siku ya kutambulishana, aliyeona ni mtu mmoja, yule wa ngazi.

Sasa ajabu ni kwamba sikukasirika, nilitegemea hasira, nikaikosa, nikapata kitu kingine, kilipanda kutoka kwenye soksi, joto tamu, kama siku ile ya kwanza ukumbi mzima uliponicheka kwa pamoja nikajua kumbe hii ndiyo kazi yangu, kwa sababu nimeelewa, nimeelewa mpaka vidole vinacheza chini ya meza, miezi minne Profesa ananieleza kwa michoro nami naitikia kama mbuzi anayesomewa gazeti, na leo nimeelewa kwa midomo... kwamba swali halikuwa kamwe kama Pasi ni mtu mzuri, ni mzuri, viti alivileta, wala kama anajua, anajua, Karani naye alikuwa anajua, Karani alikuwa mzuri, na Karani ndiye aliyeua kikundi chetu cha kwanza, hakuchukua hata senti, tulimpa sisi wenyewe, tulisema wewe ndiye mwenye akili ya maandishi, basi andika, elekeza, chagua michezo, na lile sanduku la pale mlangoni, ambamo watazamaji hutumbukiza maoni yao wakitoka, lisome wewe pia maana utayaelewa vizuri zaidi, na mwaka ule mzima hatukupata lawama hata moja, hata moja, kila wiki anatusomea sifa, tukavimba vichwa, kumbe aliyelalamika alimwona hajui sanaa, karatasi yake akaiweka kando, hakuficha kwa ubaya, aliamini kabisa, machozi yalimtoka tulipomwuliza, "Lakini wale walikuwa hawajui," alisema, "mimi nilikuwa nawalinda msikatishwe tamaa," na siku hiyo tunayozungumza ukumbini kulikuwa na watazamaji wanne, wawili wakiwa wamekuja kusubiri mvua iishe... ndicho hiki, ndicho kifungu cha kumi na nne, mtu yule yule aandike mchezo, auigize, auze tiketi, halafu tumkabidhi na kazi ya kupiga makofi, na Bunge lile, pamoja na kelele zake zote na waziri wa kuku, Bunge ndilo sanduku la mlangoni, chafu, limejaa karatasi za watu wasiojua kuandika vizuri, lakini sanduku lipo, na maneno aliyoshindwa kuyaacha yapite, katika kurasa zote hizi, maneno aliyoyapenda kuliko yote, yalikuwa ni yale ya kuliondoa sanduku.

Mwiteni, kwa kila hali mwiteni, mpeni kiti, mpeni kipaza sauti, aseme mpaka koo limkauke, tutasikiliza, tutaandika, mimi mwenyewe nitammiminia maji, siku foleni ikirudi nitampandisha kitini kwa mikono yangu... ila kalamu, Mkurugenzi, kalamu iache mezani... na mabati, ehe, mabati, nimeyatazama yale mabati kichwani mwangu, moja moja, nimeyang'oa, nimeyashusha, sikuumia hata kidole, acha paa livuje, tutacheza katikati ya ndoo, nitaandika mchezo wenye ndoo nane ndani yake, watu watadhani ni sanaa ya kisasa, watatoka nje ya mji kuja kuona, na hili la bahasha nitalisema, nitalisema kwa heshima zote, Mheshimiwa Mwenyekiti naomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba mshauri wetu ni hodari kiasi cha kusoma karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa, lakini baada ya kura, si kabla, wakati ni kila kitu, nikisema kabla watacheka, wataitana pembeni, kikao kitaahirishwa, kifungu kitarudi kimevaa nguo nyingine, kwanza kura, na kichwani mwangu tarumbeta zimeanza, ngoma kubwa, mabango, wanawake sitini na mmoja wamesimama juu ya madawati, yule mama wa nyuma anacheka mpaka anashika mbavu, mama deni lako hilo, nimebebwa mabegani, wanne hawatoshi, waongezwe wawili, kitambi kimeelekea mbinguni... na hapa mezani hakuna kilichobadilika, ajabu kweli, Profesa anaandika, Jaji amelala, feni inazunguka, Pasi amerudia hali yake, amenyooka, ananitabasamia, tabasamu la tuzungumze, nami nimemrudishia, kubwa, la meno yote, maskini atadhani ni ndiyo... "kifungu kidogo cha tisa," anasoma Mama Katibu, anafungua ukurasa wa mwisho, anaulaza kwa kiganja, Profesa ameacha kalamu ananitazama kwa wasiwasi wa mtu aliyempandisha mlevi pikipiki yake, tulia Profesa, tulia dada yangu, na wewe mama soma, chukua muda wako, sina haraka, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sina haraka ya kufikia zamu yangu wala sitafuti mahali pa kuangukia, miaka thelathini nimepewa hotuba za kurasa nne nne nikazisahau nusu, leo nina neno moja tu, fupi, na nimeliandika mwenyewe.